Gari Ambalo Baba Alilikataa

Wathome alisimama katikati ya ua wetu, akavua kofia, akatangaza kwamba kanisa limetoa gari lake kumbeba Baba mpaka Kajiado. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe vya chai, na sikuiangusha, ingawa nilitamani. Niliiweka mezani, nikapangusa mikono kwa leso, nikasema mbele ya kamati nzima ya mazishi kwamba baba yangu hatabebwa na gari hilo.

Mchungaji akaangalia viatu vyake. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye godoro karibu na mlango pamoja na wanawake wa ukoo, hakuinua kichwa. Wathome ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kanisa, na duka lake la vifaa vya ujenzi ndilo kubwa kuliko yote hapa Noonkopir, mtaa wetu wa Kitengela. Alinitolea lile tabasamu analompa mteja anayelalamika kwamba simiti imeganda. Akawaambia watu wanielewe, ni uchungu tu. Mwanamke akikasirika matangani huambiwa hivyo kila mara. Ulikuwa uchungu, ndiyo, lakini si ule aliokuwa akiufikiria.

Nataka kueleza gari hilo ni lipi na baba yangu alikuwa nani, kwa sababu yaliyosomwa siku ya mazishi yalikuwa matamu kama soda na hayakuligusa jambo lenyewe. Yalisema marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu, mume mwema, baba mwema. Yote ni kweli. Aliyeyaandika ni kanisa, na kanisa lilikuwa na sababu zake za kutoandika mengine.

Jina lake ni Timothy Parsaoti. Alizaliwa nje kidogo ya mji wa Kajiado, katika boma la wafugaji ambao hawakuwahi kumiliki hata baiskeli. Alipokuwa kijana alitumwa kutafuta ndama aliyepotea, akakuta lori limeharibika kando ya barabara ya Namanga, akakaa hapo kumtazama dereva akifungua injini mpaka jua likazama. Ndama alirudi nyumbani mwenyewe. Baba alirudi baada ya ndama, akachapwa, na maisha yake yote alipenda kuisimulia habari hiyo kwenye ibada za nyumbani, akisema Mungu alimwita kwa sauti ya injini ya dizeli. Alifanya kazi ya umekanika katika kampuni ya malori hapa Kitengela mpaka alipostaafu, na alipostaafu aliendelea nyuma ya nyumba yetu, kwenye kipande cha sakafu alichomwaga zege mwenyewe ili asilale chini ya magari juu ya huu udongo wetu mweusi, ambao mvua ikinyesha unakuvua viatu.

Wema wake ulikuwa unaudhi. Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyeishi nao. Jeki yake ilitembelea nyumba za Noonkopir kuliko mchungaji. Mtu akija gari limezimika, Baba aliacha chakula. Mtu akija na pikipiki, na pikipiki si kazi yake, aliacha chakula vilevile. Jioni kabla hatujala alisoma Biblia, kisha akaomba, na maombi yake yalikuwa na magari ndani. Sisi tumefumba macho, ugali unapoa, yeye anamkumbusha Mungu gari la mwalimu fulani linalokunywa oili, analitaja kwa namba ya usajili kama kwamba huko juu kuna mtu anayeandika. Tukicheka alifungua jicho moja, akacheka pia, akaendelea.

Na alikuwa na mtindo wake wa kazi, ambao kila fundi wa Kitengela aliujua na wengine wakamcheka kwa ajili yake. Nyumbani kwetu hakuna mwanamke aliyepaka rangi ya kucha. Mama ni mtu wa chama cha akina mama kanisani, na kwake kyutex iko mpakani kabisa mwa dhambi. Lakini chupa ya kyutex nyekundu haikukosekana dirishani mwetu hata siku moja. Ilikuwa ya Baba. Akishakaza nati kwa mkono wake mwenyewe, alichovya ile brashi ndogo akachora mstari mwekundu kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea, mstari unakatika, na wewe unajua. Wasichana wa saluni walimzoea. Walikuwa wakimuuliza kama leo ni za mikono au za miguu, naye anajibu kwa utaratibu kwamba leo ni za tairi la nyuma.

Jambo la pili lilikuwa hili. Hakumrudishia mtu gari kabla ya kutupakia sisi watoto wake nyuma na kutuendesha kwenye barabara ya Isinya, kwenda na kurudi. Alisema gari asiloweza kupandisha wanawe hawezi kumpa mwenzake apandishe wake. Tulipokua tukaondoka, mimi nikaenda Isinya ambako nauza dawa za mifugo, aliyebaki akipandishwa ni Mama. Alikuwa anatoka jikoni na unga mikononi, anaketi kiti cha mbele, wanazunguka, anarudi kugeuza chapati. Hakuwahi kuuliza ni gari la nani.

Sasa gari la kanisa. Lilinunuliwa likiwa limechoka, basi dogo jeupe lenye maandishi ya buluu ubavuni, na Baba, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa kanisa mwenye kiti mbele kabisa, ndiye aliyelitunza. Miaka kadhaa iliyopita lilianza kuvuja mafuta ya breki kwenye gurudumu la nyuma. Baba aliiambia kamati kwamba linahitaji vipuri na kwamba lisibebe mtu. Kamati, maana yake Wathome, ikasema vipuri vitanunuliwa baada ya safari ya watoto wa Sunday school, waliokuwa wakienda Kajiado kwenye mashindano ya nyimbo. Baba akasema hapana, ni kabla. Wakamwambia ana imani haba. Mtu aliyekuwa akiombea magari kwa namba za usajili, walimwambia ana imani haba!

Basi siku moja kabla ya safari Baba alikwenda uani mwa kanisa, akaliinua lile gari kwa jeki, akang'oa magurudumu yote, akaliacha juu ya mawe, na magurudumu akaja nayo nyumbani. Asubuhi watoto walifika na sare zao zimepigwa pasi, wazazi wamesimama, Wathome amevaa tai, na gari limekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Walitafuta gari jingine, watoto wakaenda, wakaimba, wakarudi salama. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyechelewa sana. Ungedhani jambo lingeishia hapo.

Wathome alikuja nyumbani kwetu na vijana wa kanisa, mchana kweupe, wakayabeba yale magurudumu mabegani kupita katikati ya Noonkopir, na majirani wakatoka milangoni kutazama. Mtu asiyejua alidhani mwizi ameshikwa. Nilikuwa nimekuja kuwaona wazazi siku hiyo, niliyaona kwa macho yangu, na Baba alisimama pale getini akiwaelekeza washike vizuri wasijiumize mgongo. Nilitaka kumpigia kelele yeye kuliko wao.

Kisha wakamweka chini ya nidhamu. Alivuliwa uzee wa kanisa. Alizuiliwa meza ya Bwana. Aliitwa mbele ya waumini aombe msamaha kwa kuliaibisha kanisa, naye akasimama akaomba msamaha kwa kuchukua magurudumu bila ruhusa, basi, akaketi. Hawakuridhika. Walitaka aseme gari lilikuwa zima. Hakusema. Wakamhamishia benchi la nyuma, pale karibu na mlango wanapokaa watu wenye watoto wanaolia, na Mama naye akaondolewa kwenye uongozi wa akina mama, ingawa hakung'oa gurudumu la mtu.

Mimi nililihama kanisa hilo wiki ileile na sikuona sababu ya kunong'ona. Baba hakuhama. Kila Jumapili alikwenda akaketi benchi la nyuma, akaimba kwa sauti yake nene kama kwamba hakuna kitu. Walimsahau huko nyuma. Muda wa nidhamu ulipita na hakuna aliyemwita arudi mbele, kwa sababu kumrudisha kungekuwa kukiri. Na alikuwa anakwenda kwa miguu. Pikapu lake la zamani, la kampuni ileile iliyounda gari la kanisa, lilikuwa nyuma ya nyumba limefunguliwa magurudumu. Nikimuuliza kwa nini halitengenezi, fundi mzima anatembea kwenye matope, alisema kutembea kunamsaidia presha. Nilimwambia fundi anayetembea ni kama mpishi anayelala njaa. Alicheka tu, kama kawaida yake.

Presha ndiyo iliyomwondoa, mwaka huu, baada ya ugonjwa mfupi. Na hapo kanisa likakumbuka kwamba lina mzee mpendwa anayeitwa Parsaoti.

Kwa hiyo ndiyo, nilikataa. Baada ya ule mkutano, Yonis alinifuata nje ya geti. Yonis ni mfanyabiashara wa ng'ombe, kwao ni Garissa lakini ameishi Kitengela miaka mingi, na lori lake halijawahi kuguswa na fundi mwingine zaidi ya Baba. Yeye si wa kanisa letu wala la mtu yeyote, ni Mwislamu, na ndiye aliyenielewa bila kuelezwa. Aliniambia lori lake ni la kubeba ng'ombe, ninalijua, lakini nikitaka atalisafisha. Nikamwambia nataka.

Mama alinisikia nikisema hivyo. Aliniita kando akaniambia ningoje, nisikimbilie. Nikamuuliza ningoje nini, Wathome awe mtu? Akafunga khanga yake vizuri, akarudi kwa wanawake. Mama ni mtu wa kufunga khanga anapokuwa na neno ambalo hajaamua kulisema, na mimi kwa hasira zangu sikuuliza zaidi.

Siku ya mazishi magari yote mawili yalikuja mochari. Lori la Yonis lilikuwa limesuguliwa mpaka rangi imeanza kutoka, lina harufu ya sabuni ya unga, na Yonis mwenyewe amesimama kando yake na kanzu nyeupe, ananingoja mimi nitoe neno. Gari la kanisa lilikuwa limefungwa vitambaa vya zambarau. Viti vya nyuma vilikuwa vimetolewa ili jeneza lipite. Wathome alikuwa ameshika mlango wazi, amevaa suti, anawaelekeza wabebaji waingie.

Nikaenda nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimevaa gauni jeusi lililonibana na viatu vilivyoniumiza, na wabebaji walikuwa tayari wameinua jeneza mabegani. Nikawaambia waliteremshe. Walitazamana, wakalirudisha juu ya kigari cha mochari. Kwaya ikaendelea kuimba kidogo kisha ikakatika, mmoja mmoja, mpaka mama mmoja mwenye sauti nyembamba akabaki peke yake, naye akanyamaza.

"Mzee mwenyewe alikataa hii gari," nilisema. "Alisema haiwezi kubeba mtoto wa mtu. Mkamkalisha nyuma kama mgonjwa wa upele kwa sababu ya hiyo. Sasa amekufa, hawezi kukataa, ndio mnataka kumbeba nayo?"

Wathome alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetuliza ng'ombe, kwamba hayo ni ya zamani na tusiyalete mbele ya marehemu. Alisema gari ni zima kabisa. Halijawahi kuwasumbua tangu siku ile.

"Na nani huitengeneza?" nikamuuliza.

Alisema ni fundi wa kanisa. Nikauliza anaitwa nani. Wathome akamgeukia mchungaji. Mchungaji akamgeukia dereva, kijana mpole ambaye hakuwa na kosa lolote. Dereva akasema yeye kazi yake ni kuweka mafuta na kuendesha, na kwamba hakuna fundi anayemjua, kwa sababu gari halijawahi kuharibika.

Nilicheka. Hakikuwa kicheko kizuri, na shangazi mmoja alishika kinywa. Gari lililochoka vile, miaka yote hiyo kwenye mashimo ya Kitengela, bila fundi, na hawa wanaume watu wazima wanalipakia watoto kila shule zikifungwa wakiamini linajiponya lenyewe! Nikawaambia wanitazame vizuri, nitawaonyesha. Baba alikuwa amenifundisha tangu zamani kwamba gurudumu linalovuja mafuta ya breki hulowa upande wa ndani, na vumbi linaganda hapo kama matope. Nikapiga magoti kwenye kokoto na gauni langu la matanga, nikakaa chini, kisha nikalala kabisa ubavu, kichwa chini ya gari, ili nipake kidole hayo matope niwaonyeshe wote.

Palikuwa pakavu.

Nilipangusa kwa kidole, kikatoka na vumbi tu. Nikadhani nimekosea upande. Kisha macho yakazoea giza la huko chini, nikaona mstari mwekundu. Ulikuwa kwenye kiungo cha bomba la breki, umevuka kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, mzima, haujakatika. Kando yake kulikuwa na mwingine. Nikageuza kichwa nikaona mingine kwenye springi, mingine juu zaidi, na kila nilipotazama palikuwa na nati na kila nati ilikuwa na kyutex. Mingine ilikuwa imefifia na kushika vumbi. Mingine ilikuwa inang'aa, ya juzi tu.

Nilibaki pale chini. Nilisikia watu wakiulizana kama nimezirai. Nilitoka, nikachomoa kifuniko cha gurudumu kwa kucha zangu mpaka nikavunja moja, na zile nati kubwa zilikuwa zimechorwa vilevile, zote.

Aliyesema kwanza ni Mutindi, mama anayefagia kanisa na kushika funguo za geti na za gari. Alikuwa nyuma ya kwaya na alikuja mbele akiwa anashika shika leso yake.

"Mimi ndiye nilikuwa namfungulia," alisema. "Jumatatu, watu wakiwa hawako. Aliniambia nisiseme kwa mtu, na mimi wajukuu wangu ndio wanapanda hiyo gari. Ningesema nini?"

Wathome alipiga goti kwenye kokoto akatazama lile gurudumu. Aliposimama alikuwa na vumbi kwenye goti la suti na alisema hakujua, kisha akalirudia neno hilo kwa mchungaji, ambaye pia hakujua. Najua hawakujua. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Miaka yote walikuwa wakipita mbele ya benchi la nyuma kwenda kuketi mbele, wakimsalimia kwa ncha za vidole, na walikuwa wakirudi nyumbani wazima kwa mikono yake, bila hata kujiuliza.

Nikakumbuka pikapu nyuma ya nyumba. Nikaelewa vipuri vilitoka wapi, na kwa nini mzee wa umri ule alikuwa anatembea kwenye matope kwenda kwa watu waliomnyang'anya kiti chake. Alikuwa amelichinja gari lake, kipande kwa kipande, akalilisha lao. Hapo hasira zangu zilimgeukia yeye. Sitaki kudanganya niseme nililia kwa upendo. Nililia kwa hasira. Nilitaka atoke kwenye lile sanduku nimuulize ni nani alimtuma, na kama alifikiria hata siku moja jinsi sisi wengine tulivyokuwa tunabeba aibu yake huku yeye anawakazia nati.

Mama alikuwa amekuja kando yangu. Aliniondoa kokoto begani kwa mkono, polepole, kama nilipokuwa mtoto nikianguka.

"Yeyo, ulijua," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Nilijua. Nani alikuwa anakaa kwa kiti cha mbele?" alisema. "Akimaliza tulikuwa tunazunguka na mimi mpaka njia ya Isinya, halafu tunairudisha. Nilimuuliza pia. Nilimwambia, hawa watu wamekutupa, unawafanyia nini? Akasema watoto wa Sunday school hawajamkosea."

Wabebaji walikuwa wamesimama tu na jeneza juu ya kile kigari, wananitazama mimi, na nikagundua kwamba bado niko mlangoni mwa gari na kwamba wote wananingoja mimi. Yonis pia alikuwa ananitazama kutoka kando ya lori lake. Nikamwita. Nikamwambia nisamehe, umesafisha bure. Akasema hakuna cha bure hapo, atabeba viti na sufuria, na kwamba mzee apande gari alilolitengeneza mwenyewe.

Basi nikatoka mlangoni.

Lakini niliweka sharti, na nilitaka lisikike. Nilimwambia mchungaji kwamba kwenye ile karatasi ya wasifu itakayosomwa pameandikwa "muumini mwenzetu," na kwamba kabla hatujafika Kajiado paandikwe alivyokuwa kabla hawajamvua uzee wa kanisa, la sivyo nitaisoma mimi, na mimi sisomi kwa sauti ya chini. Mchungaji alitoa kalamu pale pale. Aliandika akiwa ameegemeza karatasi kwenye mlango wa gari, na sikumhurumia.

Tuliketi ndani, Mama na mimi kila mmoja upande wake wa jeneza, Wathome mbele karibu na dereva. Tulipita Isinya, mahali ambapo Baba alikuwa anageuza gari kila mara, na Mama akageuza kichwa kidogo dirishani. Baada ya hapo barabara inanyooka na madereva husahau mguu juu ya mafuta. Kijana alikuwa anakwenda kasi kuliko nilivyopenda, tumechelewa kwa sababu yangu, na ng'ombe wakaingia barabarani kutoka upande wa kushoto, kundi zima, bila haraka, na mchunga wao akiwa nyuma kabisa anaongea kwenye simu.

Dereva alikanyaga breki. Nilishika jeneza kwa mikono miwili na kufumba macho. Gari lilinyenyekea, likapunguza, likasimama, bila kuvuta kushoto wala kulia, na mbele yetu pakawa na ubavu wa ng'ombe mwekundu aliyetutazama dirishani huku akitafuna. Jeneza halikusogea.

"Bwana asifiwe," alisema Wathome, na nilisikia jinsi alivyopumua.

"Na huyu?" nikamwambia.

Alijua ni nani ninayemsema. Aligeuka kwenye kiti chake, na kwa kuwa gari ni dogo mkono wake ulilifikia jeneza. Aliuweka juu ya mbao.

"Asante, mzee wa kanisa," alisema.

Ng'ombe waliendelea kuvuka. Mama alinitazama juu ya jeneza ili aone kama sasa nimetosheka. Sikuwa nimetosheka. Nilikuwa bado na hasira, na ninazo mpaka leo ninapoyaandika haya, na hasira zenyewe ni za jinsi lile gari lilivyosimama vizuri.